Mfunge Ngamia Wako: Kuacha Gari Katika Milima ya Dubu

Ni nadra siku hizi kuikuta familia ya mwambao wetu isiyokuwa na mwana, binti au mpwa anayeishi ng'ambo. Wako walioko Maskati na Dubai, wako walioko Uingereza, na wako waliofika mbali zaidi, Marekani na Canada. Na pindi wazazi au ndugu wanapokwenda kuwazuru, hasa katika miezi ya joto shule zinapofungwa, hapana budi itafika siku ambayo wenyeji watataka kuwaonyesha wageni wao nchi. Mkeka utakunjwa, chupa ya chai itajazwa, sambusa zitafungwa kwenye mikebe, na familia nzima itaingia garini kuelekea milimani.

Makala haya yanahusu safari ya namna hiyo, na zaidi yanahusu jambo ambalo msafiri wa kwetu hulidhania dogo: gari lenyewe, na hali linavyoachwa pale njia ya magari inapokoma na njia ya miguu inapoanza. Nimeandika kwa kuwa nililidharau jambo hilo, na dharau yangu ilimpata asiyekuwa na kosa.

Mkebe wa halua

Miaka michache iliyopita nilikwenda California kumtazama dada yangu, aliyeolewa na kuishi huko kwa muda mrefu. Nilipokuwa nikifunga mizigo Mombasa, mama yetu alinikabidhi mkebe wa halua, ameuzungushia gazeti na juu yake kipande cha kanga. Halua ile haikuwa ya dada yangu. Ya dada yangu ilikuwa nyingine. Hii ilikuwa ya binti wa jirani yetu wa tangu utotoni, ambaye naye amehamia huko na anakaa katika mji mwingine. "Mpe mkononi mwake," mama alisema, "wala usiichanganye na vyakula vyenu."

Shemeji yangu alikuwa ameipanga safari ya siku mbili kwenda hifadhi ya Yosemite, katika milima ya Sierra Nevada: mimi, yeye na wanawe wawili wakubwa. Tungeliacha gari chini, tupande kwa miguu, tulale usiku mmoja hemani, kisha siku ya pili turejee kwa njia inayopitia mji wa yule binti. Kwa hivyo mkebe nikauchukua. Nikausukuma chini ya kiti cha nyuma kabisa, nyuma ya kiti cha mtoto mchanga, usije ukachanganywa na vyakula vyetu.

Tulipofika mwanzo wa njia tulikuta kibao chenye picha ya dubu, na kando yake kabati kubwa la chuma la rangi ya udongo. Komeo lake limefichwa ndani ya kijumba chembamba ambacho vidole vya mtu huingia na kucha za dubu haziingii. Mpwa wangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 12, alisimama akakisoma kibao chote, kisha akaanza kuamrisha kama nahodha. Chakula cha siku ya pili kikatolewa garini kikaingizwa kabatini. Zikafuata chupa za maji ya matunda, dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujipaka, hata mfuko wa taka. Kisha akanyoosha kidole kwenye mfuko wa kanzu yangu.

"Na hayo pia, mjomba."

"Haya ni marashi," nikamwambia. "Hayaliwi."

"Dubu hajui, mjomba."

Nikayatoa. Shemeji akauliza mara ya mwisho iwapo kuna chakula chochote kilichobaki ndani ya gari. Nikajibu kwa moyo mkunjufu kwamba hakuna. Wallahi sikusema uongo kwa kukusudia. Akilini mwangu kile kilichokuwa chini ya kiti hakikuwa chakula; kilikuwa amana.

Tulishuka siku ya pili kabla ya adhuhuri. Kutoka mbali tuliona kwamba gari letu halikuwa na umbo lake. Kioo cha mlango wa nyuma hakikuwapo, na fremu ya mlango ilikuwa imekunjwa kutoka juu kuja chini kama kifuniko cha mkebe wa samaki. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa kitambaa chake, na sponji imetapakaa hadi changaraweni. Kiti cha mtoto kilikuwa nje, kina alama za meno. Na katikati ya vurugu hiyo palikuwa na mkebe uliobonyezwa, umerambwa ukang'aa, na kipande cha kanga kimechanika mara mbili.

Askari wa hifadhi aliyekuja, mama wa makamo, hakutugombeza. Alipiga picha, akapima alama za nyayo kwenye vumbi, akachukua nywele zilizonasa kwenye bati. Mimi nikaanza kumwomba radhi kwa ajili ya gari, kana kwamba gari ni lake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba kioo kitanunuliwa na mlango utanyooshwa. Jambo litakalomkosesha usingizi yeye ni yule dubu. Usiku uliopita dubu huyo amejifunza kwamba ndani ya magari mna vitu vitamu. Hapana mtu awezaye kumwondolea elimu hiyo.

Nilipompigia mama simu kumweleza yaliyosibu, alinyamaza kidogo. "Basi halua imeliwa?"

"Imeliwa, mama."

"Na nani?"

"Na mwenyeji wa huko," nikasema, na sikuwa na jingine la kuongeza.

Mnyama na pua yake

Tangu siku ile nimejishughulisha kujua habari za mnyama huyu, ambaye sisi wa pwani tunamjua kwa hadithi za watoto tu. Dubu wanaoishi Yosemite ni wa aina iitwayo dubu mweusi wa Marekani, ijapokuwa wengi wao kwa rangi ni wa kahawia. Wanakadiriwa kuwa kati ya 300 na 500 katika hifadhi yote. Aina nyingine iliyo kubwa na kali zaidi, ambayo Wamarekani huiita grizzly, ndiyo iliyochorwa kwenye bendera ya jimbo la California. Lakini dubu wa aina hiyo walimalizwa katika jimbo hilo katika miaka ya 1920, wakabaki bendera tu. Walio hai wanapatikana kaskazini zaidi, katika hifadhi kama Yellowstone na Glacier, na katika milima ya Canada na Alaska.

Dubu mweusi si mwindaji mkubwa kama simba wa Tsavo. Riziki yake kubwa ni majani mateke, matunda ya porini, mbegu za mwaloni, mchwa na mabuu ya wadudu, na mzoga akiupata. Ni riziki ya kuokota punje kwa punje, siku nzima. Kisha huja majira ya vuli, na hapo njaa yake huzidi mno, kwa kuwa inambidi aweke shahamu ya kumpitisha katika miezi ya baridi ambayo atalala pangoni bila kula. Katika majuma hayo dubu mmoja aweza kula hadi kalori 20,000 kwa siku, yaani chakula cha watu wanane au kumi.

Mwenyezi Mungu amempa pua ya kumwezesha kuitafuta riziki hiyo kutoka mbali. Basi tumfikirie mnyama wa namna hiyo apitapo usiku karibu na gari lililofungiwa ndani yake mkebe wa sukari, samli, iliki na zafarani. Kwetu vioo vilivyopandishwa ni kinga. Kwake harufu inapita kwenye kila upenyo, na kioo ni ganda tu, mfano wa ganda la nazi kwetu.

Namna anavyovunja pia ina ustadi wake. Hutia kucha kwenye ukingo wa juu wa mlango, akauvuta kwa uzito wa mwili mpaka fremu ikunjike na kioo kipasuke. Akishaingia, huweza kung'oa kiti cha nyuma ili afike ndani ya buti. Na mlango ambao haukutiwa kufuli ni hatari zaidi, kwa kuwa dubu amejifunza kuvuta kitasa. Huingia kwa wepesi, mlango ukajifunga nyuma yake kwa mteremko au kwa upepo, naye asijue kutoka. Hapo hulitafuna na kulirarua gari kwa hofu, huku honi ikilia. Tena dubu hategemei pua peke yake. Aliyewahi kupata chakula ndani ya sanduku la barafu hulitambua umbo la sanduku hilo kupitia kioo, na atavunja gari hata kama sanduku ni tupu.

Mazoea yana taabu

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Dubu hakuzaliwa akijua magari; alifundishwa na binadamu, na mafunzo hayo yana historia.

Katika miaka ya 1920 na 1930, wasimamizi wa Yosemite wenyewe walikuwa wakimwaga mabaki ya chakula cha hoteli mahali palipotengwa, wakawasha taa usiku, na wageni wakaketi kutazama dubu wakila. Watu waliyahesabu hayo kuwa tafrija ya familia. Maonyesho hayo yalikomeshwa mwaka wa 1940. Yellowstone nako, wageni walizoea kuwapa dubu mikate kupitia madirisha ya magari, na majaa ya taka ambayo dubu walikuwa wakila hayakufungwa yote hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vizazi vya dubu vilikua vikijua kwamba penye watu pana chakula. Mama dubu hufuatwa na wanawe, nao hujifunza kwa kumtazama, kama watoto wetu wanavyojifunza kwetu.

Matokeo yake yalidhihirika mwaka wa 1998. Katika mwaka huo mmoja, Yosemite iliorodhesha visa zaidi ya 1,500 vya dubu kuharibu mali au kunyang'anya chakula, vingi vyao vya magari kuvunjwa, na hasara ikapindukia dola 600,000. Hapo ndipo wakuu wa hifadhi walipokaza kamba. Makabati ya chuma yakaongezwa mpaka yakapindukia 2,000, yakiwekwa kambini, kwenye maegesho na kwenye mianzo ya njia. Wapandao milimani wakalazimishwa kubeba chakula chao ndani ya makopo magumu ambayo dubu hawezi kuyafungua. Kuacha chakula ndani ya gari wakati wa usiku kukapigwa marufuku, na mwenye kukiuka aweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 au gari lake likazuiliwa. Tangu wakati huo visa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Dubu ni wale wale na magari yamezidi. Kilichobadilika ni tabia ya watu.

Liko jambo jingine ambalo kila mzazi afaa alijue. Wataalamu wa wanyama walizichunguza kumbukumbu za magari yaliyovunjwa Yosemite kutoka 2001 hadi 2007, jumla yake magari 908, na utafiti wao ukachapishwa mwaka wa 2009. Waligundua kwamba gari lililovunjwa mno kuliko idadi yake katika maegesho ni lile gari la familia lenye milango ya kuteleza, liitwalo minivani. Peke yake lilikuwa takriban robo ya magari yote yaliyovunjwa. Wakatoa sababu kadhaa zinazowezekana. Huenda umbo la gari hilo ni rahisi kulivunja. Huenda dubu wachache tu walishalijaribu likawapa, wakalizoea. Lakini iko sababu nyingine ambayo niliposoma nilikumbuka kiti cha mpwa wangu mchanga: gari hilo ndilo linalopakia watoto, na watoto humwaga maziwa, huangusha vipande vya biskuti, husahau tende iliyotafunwa nusu katika mfuko wa mlango. Hata gari likitolewa chakula chote, harufu ya mwaka mzima imo kwenye zulia na kwenye mishono ya viti.

Basi laiti mkebe wa halua usingalikuwamo, bado gari letu lisingalikuwa safi kama tulivyodhani.

Anayelipa ni nani?

Msomaji aweza kuuliza: mnyama akila mkebe mmoja wa halua, pana ubaya gani? Amepata riziki, nasi tumepata hasara ya kioo, Mungu atalipa.

Nami nilidhani hivyo mpaka nilipofahamu yanayofuata. Dubu aliyeonja chakula cha watu huacha kuwaogopa watu. Kwanza huja usiku, kisha huja mchana. Kwanza huvunja gari tupu, kisha husogelea hema lenye watu ndani. Wahifadhi humfukuza kwa kelele na kwa risasi za mpira. Wakimnasa na kumpeleka mbali, mara nyingi hurudi alikotoka, au huendeleza tabia yake huko alikopelekwa. Na akishakuwa hatari kwa maisha ya watu, huuawa. Ndiyo sababu huko Amerika ya Kaskazini wahifadhi huwaambia wageni, bila kuzungukazunguka, kwamba dubu aliyelishwa ni dubu aliyekwisha kufa.

Dubu yule wa kwetu sikujua mwisho wake. Askari hakutuahidi kutuarifu, nami sikuwa na ujasiri wa kuuliza. Nilichojua ni kwamba kama aliuawa, hukumu yake ilianza kuandikwa siku niliposukuma mkebe chini ya kiti.

Sisi Waislamu tumelelewa juu ya visa viwili vya Mtume (S.A.W.) ambavyo hata watoto wa madrasa wanavijua: kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula wala kumwachilia ajitafutie, na kisa cha aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kwa kawaida tunavifahamu kuwa vinakemea ukatili na kusifu huruma. Lakini kisa cha paka kinatukumbusha pia kwamba mnyama anayo haki ya kuachwa aitafute riziki ya ardhi kama alivyoumbwa. Anayemfunga paka amemzuilia riziki hiyo. Anayemzoesha dubu sukari ya mkebe naye amemharibia riziki hiyo kwa upande wa pili, hata kama mkono wake ulikuwa wa ukarimu, au wa usahaulifu kama wangu.

Wala tusidhani mambo haya ni ya Wamarekani peke yao. Anayesafiri kwa barabara kuu baina ya Mombasa na Nairobi amewaona nyani waliokaa kando ya lami karibu na Tsavo wakisubiri ndizi zirushwe madirishani, na amewaona pia waliokanyagwa na malori. Wakaazi wa Diani wanajua namna kima anavyoingia jikoni akishazoeshwa mkate. Sisi huwaita wezi, wakati wizi huo tumewafundisha sisi.

Mfunge ngamia, kisha utawakali

Imesimuliwa katika mkusanyo wa Tirmidhi habari ya mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia wake, iwapo amfunge na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Akaelekezwa kumfunga kwanza, kisha ndipo atawakali. Mara nyingi tunaitumia habari hii tunapozungumza juu ya elimu, biashara au matibabu. Lakini asili yake ni msafiri na kipando chake: mtu amefika mahali, anataka kukiacha kipando na kuendelea na shughuli yake. Sisi leo hatuna ngamia. Tuna gari, na tunaliacha chini ya mlima. Kulifunga si kubonyeza kitufe cha ufunguo tu. Kila mahali pana kamba yake, na katika nchi ya dubu kamba hiyo ni hii ifuatayo.

Kwanza, kisomwe kibao kabla ya injini kuzimwa. Kanuni hazifanani kila mahali. Katika Yosemite, mchana inaruhusiwa kuacha chakula ndani ya gari iwapo kimefichwa na vioo vimepandishwa hadi mwisho, lakini usiku hairuhusiwi kabisa. Katika Yellowstone na Grand Teton, gari lenye paa na kuta ngumu lililofungwa sawasawa huhesabiwa kuwa mahali panapofaa kuwekea chakula. Aliyezoea kanuni ya hifadhi moja asiipeleke katika nyingine.

Pili, kila chenye harufu kihesabiwe kuwa chakula. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya nazi, udi, marashi, nepi, vitambaa vya kufutia watoto, dawa za kikohozi, soda ambayo haijafunguliwa, na taka. Na sisi tuongeze orodha yetu: halua, kashata, achari, tende, kachiri za muhogo, na zawadi yoyote iliyotoka nyumbani, hata ikiwa imefungwa vipi na ni ya nani. Vyote viingie katika kabati la chuma, na komeo lisukumwe mpaka lisikike limeshika.

Tatu, gari lisafishwe siku moja kabla ya safari. Viti vya watoto vitolewe vikung'utwe, zulia lifagiliwe, na mikono ipitishwe chini ya kila kiti na ndani ya kila mfuko wa mlango. Katika familia yenye watoto wadogo, hili ndilo lenye faida kuliko yote.

Nne, sanduku la barafu, hata likiwa tupu, lisiachwe likionekana. Liwekwe kabatini au, isipowezekana, lifunikwe.

Tano, vioo vyote vipandishwe na milango yote itiwe kufuli, hata kama ni kwa dakika chache.

Sita, katika nchi ya grizzly wasafiri hushauriwa kubeba kopo la dawa ya pilipili ya kupuliza. Kopo hilo libebwe mwilini wala lisiachwe ndani ya gari juani, kwa kuwa joto laweza kulipasua. Yosemite lenyewe haliruhusiwi.

Saba, dubu si mwenyeji peke yake. Katika bonde la Mineral King, ndani ya hifadhi ya Sequoia, yuko mnyama aitwaye marmoti, mfano wa pimbi aliyenenepa, ambaye katika majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi huingia chini ya magari akatafuna mipira ya rejeta na nyaya. Wenyeji hulizungushia gari turubai kuanzia chini hadi ubavuni. Na katika milima ya Bugaboo, magharibi mwa Canada, ni nungu wanaotafuna mipira ya breki, kwa hivyo magari huzungushiwa senyenge ya kuku. Kabla ya kuliwasha gari lililolala milimani, boneti ifunguliwe na chini pachunguliwe.

Mwisho, aachiwe habari mtu wa nyumbani: gari limeachwa wapi, njia gani imefuatwa, na ni lini msafiri anatarajiwa. Milimani simu nyingi hazishiki.

Yaliyofuata

Dada yangu hakunilaumu, wala shemeji. Gari lilitengenezwa. Kiti cha mtoto kilitupwa kikanunuliwa kingine. Mwaka uliofuata mama alifunga mkebe wa pili kwa ajili ya yule binti wa jirani, akampa msafiri mwingine, wala sikumlaumu. Mkebe huo ulifikishwa siku ile ile ndege ilipotua.

Familia ya dada yangu imeendelea kwenda milimani. Dada huniambia kwamba kabla ya kila safari mpwa wangu mkubwa hutandaza gazeti uani, akavitoa viti vyote vya watoto, akalala kifudifudi ndani ya gari na tochi mkononi. Huokota vipande vya biskuti kimoja kimoja. Wadogo zake walipomcheka, alijibu kwamba hasafishi gari, anamsaidia dubu.

Nawaomba wasomaji wenye jamaa huko ng'ambo wawafikishie maneno haya kabla ya likizo ya Agosti, na wanaojiandaa kusafiri wayaweke moyoni. Amana tunazobeba si zile tu tulizokabidhiwa kwa mkono na wazazi wetu. Kila kiumbe tunayepita katika ardhi yake ni amana pia, na tutaulizwa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, awarejeshe salama, na atujaalie tuwe wageni wema popote tufikapo. Amin.